Maoni Yetu: Muunganisho wa Ripoti Ni Mali ya Ofisi

Hapa Kamembe kila taasisi yenye kompyuta mbili tatu siku hizi inatoa ripoti. Hospitali inatoa, SACCO ya umurenge inatoa, duka la kubadilisha fedha karibu na daraja la Rusizi linatoa, na mwenye ghala la bidhaa zinazovuka kwenda Bukavu naye anatoa. Takwimu za ripoti hizo hutoka kwenye kanzidata. Kati ya kanzidata na ripoti kuna kitu ambacho wakuu wengi hawajawahi kukiona wala kukiulizia, nacho ni muunganisho. Ni mistari michache tu ndani ya programu ya ripoti, yenye anwani ya seva, namba ya poti, jina la kanzidata, jina la mtumiaji na nywila. Tunasema wazi: mistari hiyo ni mali ya ofisi. Iandikwe, ikabidhiwe na ikaguliwe kama mali nyingine yoyote ya ofisi. Kuiacha kichwani mwa kijana mmoja wa kompyuta, hata awe mwaminifu namna gani, ni uzembe wa uongozi.

Mambo huenda hivi. Mkuu anataka ripoti kesho asubuhi, wageni wanakuja kutoka Kigali. Kijana wa kompyuta anafungua Excel au Power BI kwenye laptopu yake mwenyewe, kwa kuwa ya ofisi ni nzito, na kuiunganisha na seva kwa akaunti iliyo karibu. Mara nyingi akaunti hiyo ni ile kubwa iliyowekwa siku mfumo uliposimikwa. Inasoma, inaandika, inafuta, inaweza hata kuondoa jedwali zima. Ripoti inatoka vizuri, mkuu anashukuru, na hakuna anayeuliza imeunganishwaje. Mwaka unapita. Kijana anapata kazi Kigali, anaagwa kwa Fanta na maneno mazuri, anapanda basi la kupita Nyungwe.

Baada ya hapo moja kati ya mawili hutokea. Huenda ripoti ikakatika, na ofisi nzima ikabaki inampigia simu mtu aliyeko kazini kwa mwajiri mwingine ili awatajie nywila kwa mdomo. Au ripoti inaendelea kama kawaida, na hilo ndilo baya zaidi. Kama seva inafikika kwa intaneti, laptopu isiyo ya ofisi, mikononi mwa mtu asiye mtumishi tena, bado inaingia kwenye majina ya wagonjwa au madeni ya wakopaji, na bado ina uwezo wa kuyafuta. Hatumlaumu kijana. Alipewa kazi ya usiku mmoja bila utaratibu wowote, akaifanya.

Rwanda si mgeni katika mambo haya, na ndiyo maana uzembe wa namna hii unatuudhi. Benki Kuu, BNR, ilitangulia benki kuu nyingi duniani kuacha kungoja taasisi ziilete ripoti zenyewe. Kufikia mwaka 2018 mfumo wake ulikuwa ukivuta takwimu moja kwa moja kutoka mifumo ya taasisi zaidi ya 600 inazozisimamia: benki, kampuni za bima, taasisi ndogo za fedha, maduka ya kubadilisha fedha, kampuni za simu zenye huduma za pesa. Takwimu nyingine huvutwa kila baada ya saa 24, nyingine kila baada ya dakika 15. Hilo halikupatikana kwa kuvuta waya tu. Ilibidi kwanza kila kinachovutwa kielezwe maana yake, kisha kila taasisi ioanishe majedwali yake na maelezo hayo. Kwa maneno mengine, BNR iliyoko Kigali inajua inavuta nini, kutoka wapi na kila baada ya muda gani. Inakuwaje basi meneja aliyekaa hatua kumi kutoka kwenye seva yake hapa Kamembe ashindwe kusema ni programu zipi zinazoisoma?

Swali hilo linawahusu hasa viongozi wa SACCO. Nchi nzima ina SACCO za imirenge 416, moja kwa kila umurenge, na wilaya yetu ya Rusizi ina imirenge 18, kuanzia kisiwa cha Nkombo hadi Bugarama na Bweyeye. Kwa miaka mingi SACCO nyingi ziliendeshwa kwa daftari, na mfumo wa kompyuta uliahidiwa muda mrefu kabla haujafika. Sasa umefika. Pamoja nao wamefika watu wa kila aina wanaotaka takwimu: mkaguzi, mfadhili, halmashauri ya usimamizi, mtaalamu wa muda aliyeletwa na mradi. Kila mmoja ana programu yake ya ripoti na kila mmoja anaomba nywila. Daftari la zamani lilikuwa na faida moja: aliyetaka kulisoma alilazimika kuingia ofisini na kuonekana. Muunganisho hauonekani, kwa hiyo lazima uandikwe.

Uandikweje? Kila ripoti iwe na akaunti yake kwenye kanzidata, na akaunti hiyo ipewe jina la ripoti, si la mtu. Ripoti ya mikopo iingie kwa akaunti ya ripoti ya mikopo. Akaunti hiyo ipewe ruhusa ya kusoma tu, tena isome majedwali inayoyahitaji na si mengine. Ripoti inayohesabu wagonjwa kwa umri na kijiji haihitaji kuona majina yao. Kwenye PostgreSQL na MySQL, kanzidata mbili zinazotumika sana katika mifumo ya taasisi zetu, kutoa ruhusa ya kusoma tu ni amri ya mstari mmoja, na programu zenyewe ni za bure. Faida yake huonekana siku ya matatizo. Akaunti moja ikivuja unaifunga hiyo peke yake, nyingine zinaendelea na kazi. Lakini kama ripoti kumi zote zinatumia ile akaunti kubwa, ukibadili nywila umezivunja zote kumi, na kwa kuogopa hilo ofisi nyingi haziibadili kabisa. Ndivyo nywila ya mwaka wa kwanza inavyofikisha mwaka wa sita.

Nywila nazo zina mahali pake. Mfumo wa DHIS2, ambao Rwanda inautumia kwa takwimu za afya tangu mwaka 2012, huweka anwani ya kanzidata, jina la mtumiaji na nywila katika faili moja iitwayo dhis.conf, na mwongozo wake unaelekeza faili hiyo isomwe na mwenye kuendesha mfumo peke yake. Huo ni mfano mzuri. Siri inakaa kwenye seva, mahali pamoja panapojulikana. Linganisha na faili la Excel lenye muunganisho na nywila ndani yake, linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp ili kila mtu ajisasishie ripoti. Kila aliyelipokea amepokea na nywila, na kundi lina watu waliohama ofisi zamani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulitambua baada ya kuumia: idadi ya miunganisho ina mwisho. PostgreSQL, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, hukubali miunganisho 100 kwa wakati mmoja. MySQL hukubali 151. Zinaonekana nyingi mpaka siku za mwisho wa mwezi. Kila anayefungua ripoti anafungua muunganisho, akiona inachelewa anafungua tena, anaacha dirisha wazi na kwenda kula. Hapo mhudumu wa mapokezi, mwenye mgonjwa mbele yake, anajaribu kuandika jina na seva inamjibu kwamba wateja wamezidi. Ripoti imemzuia mgonjwa kuandikishwa. Programu zilizotengenezwa vizuri huepuka hili kwa kuweka akiba ya miunganisho michache inayotumika kwa zamu. Hapa mjini hakuna anayenunua pikipiki kwa kila safari ya sokoni. Motari wapo kituoni, wanapeleka abiria, wanarudi, wanachukua mwingine. DHIS2 kwa kawaida hujiwekea kikomo cha miunganisho 80, chini ya zile 100 za PostgreSQL, ili seva ibakiwe na nafasi. Ripoti za ofisini nazo zipewe kikomo chao. PostgreSQL inaruhusu kuiambia akaunti fulani isifungue zaidi ya miunganisho mitano, na swali lolote linalochukua zaidi ya dakika mbili likatwe. Ripoti inaweza kusubiri. Mapokezi hayawezi.

Bora zaidi ripoti isiguse kabisa kanzidata inayofanya kazi mchana. DHIS2 inafanya hivyo ndani kwa ndani: hutengeneza majedwali ya pembeni kwa ajili ya uchambuzi, kazi inayopangwa kufanyika usiku, na chati zote husoma hayo, wakati wahudumu wanaingiza takwimu kwenye majedwali mengine. Hospitali, SACCO au mfanyabiashara anaweza kuiga jambo hilo kwa nakala ya kanzidata inayosasishwa kila usiku kwenye kompyuta nyingine. Kwa mengi tunayoyaripoti, takwimu za jana usiku zinatosha.

Ila isemwe kwamba ni za jana usiku. Hapa ndipo tunapotaka kutua kidogo, kwa sababu Kamembe ni mji wa mpakani na ripoti zetu zina uzito ambao pengine hazina kwingine. Aina mpya ya mpox ilitambuliwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, kuanzia Septemba 2023. Rwanda ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza Julai 2024, na chanjo ilipoanza Septemba mwaka huo ililenga kwanza wilaya zinazopakana na Kongo. Watu wanavuka Rusizi kila siku kwa ajili ya soko, shule, kazi na ndugu. Takwimu za ugonjwa upande huu zikipanda au zikishuka, kuna uamuzi unaofuata: kupima watu darajani, kutuma chanjo, kuwahimiza wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, wapite nyumba kwa nyumba.

Sasa fikiria muunganisho umekatika usiku, na programu ya ripoti haikusema. Ripoti nyingine hutoa sifuri, kwa kuwa haikupata cha kujumlisha. Nyingine ni hatari zaidi: Power BI ikishindwa kuvuta takwimu mpya huziacha za zamani pale pale, rangi zilezile, chati zilezile, na anayeitazama anaona wiki iliyopita akidhani ni wiki hii. Watu wa afya walijua tatizo hili kabla ya kompyuta. Katika ufuatiliaji wa magonjwa kituo kisicho na mgonjwa hakikai kimya. Hutuma ripoti ya sifuri, ili ijulikane kwamba kimetazama na hakikuona. Programu ya ripoti idaiwe nidhamu hiyohiyo. Juu ya kila ukurasa iandike takwimu hizi zilivutwa lini, tarehe na saa, na muunganisho ukishindwa iandike kwamba umeshindwa, kwa herufi ambazo mganga mkuu atazisoma bila kutafuta miwani. Pasipo takwimu paachwe wazi. Pasiandikwe sifuri. Kituo cha afya kisichosomeka kwa sababu mtandao umekatika kisihesabiwe kuwa hakina mgonjwa.

Tumesikia hoja ya wanaosema kwamba taabu yote hii ingeepukika kama tungeachana na miunganisho na kutumiana mafaili. Uingereza ilijaribu. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, majibu ya vipimo vya UVIKO-19 yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na waliokutana nao hawakutafutwa kwa siku kadhaa. Hiyo ni nchi tajiri yenye wataalamu tele. Kunakili kwa mkono kunachosha, na mchovu hukosea bila kujua. Muunganisho uliosimamiwa ni salama kuliko faili. Usiosimamiwa ndio tunaoukataa.

Na kusimamia ni pamoja na kutofautisha seva moja na nyingine. Januari 31, 2017, mtaalamu wa kampuni ya GitLab, akiwa kazini usiku, alifuta mafaili ya kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Takribani gigabaiti 300 ziliondoka kwa sekunde, na njia za nakala rudufu walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi. Walipoteza takwimu za saa sita hivi. Alikuwa mtu anayeijua kazi yake, ila miunganisho miwili ilifanana mno machoni. Kwetu mtu huyo huyo mmoja anatunza mfumo wa kazi, wa majaribio na wa ripoti, wakati mwingine kwa majina yanayotofautiana kwa herufi moja. Majina yawe mbalimbali. Na kama ripoti inaingia kwa ruhusa ya kusoma tu, hata ikielekezwa pasipo pake haitafuta kitu.

Sheria nayo haina subira na ofisi isiyojua milango yake. Sheria namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu aiarifu mamlaka husika, ambayo ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, ndani ya saa 48 tangu ajue zimevuja. Laptopu ya kijana aliyehama ikiibiwa huko Kigali ikiwa bado na nywila ya kanzidata ya wagonjwa wa Kamembe, nani hapa atajua? Saa 48 zinahesabiwa tangu ujue, lakini mgonjwa ambaye siri yake imetoka hazimsaidii kitu kama wewe hutajua kamwe.

Gharama si kisingizio. Hakuna leseni ya kununua wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege hadi uwanja wa Kamembe. Kwa ofisi ya kawaida ni kazi ya mchana mmoja: kaa na kijana wako wa kompyuta, itisha orodha ya akaunti zote zilizo kwenye kanzidata, uliza kila moja ni ya nani na ya ripoti gani. Isiyo na mwenyewe ifungwe, na yeyote aliyekuwa akiitumia kwa haki atakuja kulalamika kesho yake. Orodha iandikwe kwenye karatasi, itiwe saini na watu wawili, na nywila ziwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu au kwenye programu ya kutunzia nywila ambayo mkuu wa ofisi anaweza kuifungua bila kumpigia mtu simu. Mtumishi anapoondoka, asiondoke kabla ya nywila alizozijua kubadilishwa, na hilo liwe ndani ya fomu ya makabidhiano pamoja na funguo na kompyuta. Ni haki yake pia: likitokea jambo baadaye, hatashukiwa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na wilaya inaandika imihigo yake, yaani ahadi zake za utendaji, kwa ajili ya mwaka huo. Tunaiomba Wilaya ya Rusizi iingize humo lengo moja linaloweza kupimwa: kila taasisi ya umma, zikiwamo hospitali za Gihundwe na Mibilizi na vituo vya afya, iwe na orodha ya miunganisho yake yote ya ripoti, isiwe na ripoti hata moja inayoingia kwa akaunti kubwa ya mfumo, na ripoti zake zote zionyeshe saa zilipovuta takwimu. SACCO 18 zinaweza kupewa muda hadi Desemba. Wakaguzi wa ndani wa wilaya waanze na swali la kwanza tu, kwa kila mkuu, bila kijana wa kompyuta kuwemo chumbani: ni programu zipi zinazosoma kanzidata yako leo?